Miguu Midogo ya Mu Changgen

Asubuhi Mu Changgen alikuwa anauza tofu, jibini la maharage ya soya, mchana anapigana, na kote alikuwa moto. Shida yake haikuwa ngumi. Shida yake ilikuwa babu.

Kule Cangzhou, Uchina, kila mtindo wa ngumi una babu yake, yaani mwasisi. Jina lake linaandikwa kwenye kibao, kibao kinawekwa juu ya meza, ubani unafukizwa, mwanafunzi anapiga magoti. Hapo ndo anahesabika mwanafunzi. Huna kibao? Basi huna shule, una wahuni wanaorukaruka uani. Changgen ngumi zake kazianzisha mwenyewe, hana wa kupigiwa magoti, na vijana wake wakaanza kumkimbia. Nani anataka kuitwa mwanaharamu wa ngumi?

Siku ya gulio la hekaluni, baada ya mwaka mpya, akawafuata walimu wa mji. Walikuwa wanakunywa chai na kutema maganda ya mbegu za tikiti.

"Naomba kuweka kibao," akasema.

"Cha nani?" Huyo alikuwa Teng Yuelin, mkubwa wao, kifua kama pipa. "Nani kakufundisha, Muuza Tofu?"

"Mama."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Mama yako yule wa miguu ya kufungwa?"

"Ndo huyohuyo."

"Jamani, tumepata ngumi za bibi harusi!"

Wacheke tu. Yule mama aliachwa mjane na mtoto mchanga, na miguu iliyovunjwa ikafungwa tangu utotoni ili apate mume, midogo kama andazi. Akatia mti begani, ndoo ya tofu mbele, ndoo nyuma, akaingia mtaani. Kila kipupwe barabara inakuwa kioo, wanaume wenye miguu yao mizima wanabwagwa chini, yeye anapita kwa visigino, hatua fupifupi, kiuno kimetulia, tofu haitikisiki. Changgen alikua akimfuata nyuma. Alichofanya ni kuichukua ile hatua na kuitia ngumi. Mtindo wake wote ndo huo.

"Haya, Miguu Midogo," Teng akasema. "Niangushe, uweke kibao. Nikikuangusha mimi, rudi kwenye maharage yako na usifundishe mtu tena."

Wakatoka nje, uani. Barafu tupu.

Sasa, walimu wote wa mji ule walikuwa na ugonjwa mmoja: kukanyaga. Kabla ya kupiga lazima ukanyage ardhi kwa kishindo, eti unaota mizizi. Teng akakanyaga, uwanja ukalia, watu wakashangilia. Changgen anamzunguka tu, ti-ti-ti, kwa visigino.

"Kaza mwendo, bibi harusi, mume anasubiri!" mtu akapiga kelele.

Teng akamvamia, akakanyaga kwa nguvu zote. Mizizi kwenye barafu! Mguu ukateleza, Changgen akaingia chini yake, akampokea begani kama anavyopokea mti wa ndoo, akageuka. Mwalimu mkuu akaenda kukalia sinia la maandazi ya mvuke la mchuuzi wa gulio.

"Barafu hiyo!" Teng akafoka, matako yanafuka moshi.

"Kwani mimi nimesimama kwenye zulia? Njoo tena."

Akaja tena. Akaanguka tena, vibaya zaidi.

Lakini Teng alikuwa mwanamume. Akajikung'uta, akakutanisha ngumi na kiganja, akainama. "Mwalimu Mu. Weka kibao chako."

Mwandishi wa hekalu akachovya brashi. "Jina la mwasisi?"

Changgen akafungua mdomo. Hajui. Yeye alimwita Mama, majirani walimwita Mama Changgen, ukweni walimwita mke wa Mu. Akatimua mbio mpaka nyumbani, akamkuta anakoroga chungu cha maziwa ya soya.

"Mama, unaitwa nani?"

"We, umepigwa kichwani?"

"Jina lako. La kwenu. La kuandika kwenye kibao."

Mwiko ukasimama. "Yanzi," akasema polepole, kama anaonja. "Mbayuwayu. Dou Yanzi. Baba ndo alikuwa ananiita hivyo. Kwani kibao cha nini, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kitakuwa chekundu, cha mtu aliye hai. Twende, nikubebe."

"Unibebe mimi? Toka hapa."

Akaenda mwenyewe, kwa visigino, umati ukampisha. Changgen alikuwa ametangulia na jina, kibao kilikuwa kimeshaandikwa, wino bado mbichi.

"Mistari yote hiyo ni mimi?" akauliza.

"Yote, Mama," mwandishi akajibu.

Vijana wakarudi, hata waliokimbia, wakapiga magoti kwenye barafu na kugusisha vipaji vya nyuso chini.

"Inukeni, mtaumwa magoti!" Dou Yanzi akawakaripia.

Hakuinuka mtu mpaka walipomaliza kumsujudia.