Maji ya Klaxon na Frein

Siméon Kambere aliendesha malori kati ya Butembo na Kasindi mpaka magoti yake yakagoma. Alipoacha usukani alipanga vyumba viwili karibu na barabara kuu, kimoja cha kulala na kingine cha kuwekea maharagwe aliyouza kwa magunia. Panya wakafika kabla ya wateja. Binti yake Jemima, aliyeolewa Beni, akamletea paka wawili wadogo ndani ya kikapu. Aliyekuwa na kelele Siméon akamwita Klaxon, yaani honi. Mwenzake, aliyekuwa na tabia ya kusimama ghafla katikati ya mbio, akamwita Frein, yaani breki.

Hakuwaruhusu kutoka nje. Pikipiki za mtaa ule hazikuwa na huruma, na jirani wa ng'ambo alifuga mbwa wakali. Basi paka wakakulia ndani, na kila kilichokuwamo ndani kikawa cha kuchezea: ncha za kamba za magunia, soksi, kofia ya mzee, na zaidi ya vyote, maji ya kunywa.

Frein alikuwa akitia mguu ndani ya bakuli, anatazama mwanga unavyotikisika ukutani, anatia tena, mpaka bakuli linapinduka. Siméon akaleta sahani ya bati. Wakaifanya mpira. Akaleta sufuria, akaweka jiwe ndani ili iwe nzito. Klaxon akaegemea ukingo kwa kifua chake chote na kuiangusha, jiwe na maji yake. Mzee anafuta, anamimina tena kutoka kwenye bidon, dumu lake la maji, anageuka kuchukua kofia, na nyuma yake anasikia maji yanamwagika.

Tena sakafu ile iliinama kidogo kuelekea kwa jirani wa chumba cha pili. Huko alikaa Ngalula, mwalimu wa hesabu aliyetumwa na serikali kutoka Kasai. Maji yalipita chini ya mlango wa kati, uliokuwa umepigwa misumari, yakaenda moja kwa moja kwenye godoro lake.

"Papa Siméon," alimwambia asubuhi moja, blanketi linachuruzika mikononi, "mvua ya Butembo inanyeshaka ndani ya nyumba yako tu?"

"Pole, Madame. Ni tule tupaka."

"Mais, kwa nini hautuache tuende kunywa inje?"

"Inje kuko pikipiki."

"Na ndani kuko mimi!"

Ngalula hakuwapenda paka hata kidogo. Utotoni mmoja alimparua mkono, na alama ilikuwa bado inaonekana. Akipita mbele ya dirisha la Siméon alikuwa akiharakisha hatua.

Mjukuu wa Siméon, Victoire, akapata komunyo ya kwanza huko Beni. Babu akavaa koti lake la sherehe, akajaza bakuli, sahani na sufuria, akafunga mlango na kupanda gari. Alikusudia kurudi kesho yake. Mvua ikaharibu mpango. Lori la mbao lilianguka njiani, likalala kwa upana wa barabara, na hakuna gari lililopita, la kwenda wala la kurudi.

Siku ya pili Jemima alimwekea baba yake sahani ya wali na kuku, naye akawa anaigeuzageuza tu. Mwishowe akachukua simu.

"Madame Ngalula, habari ya huko?"

"Muzuri, Papa. Jana mayi ilikuya mingi, nikapangusa. Leo hata tone hapana. Kukavu kabisa."

Siméon akaweka kijiko chini. Kama leo hakuna kilichomwagika, basi hakuna kilichobaki cha kumwaga.

"Madame, nakuomba. Ufunguo iko chini ya tofali, pembeni ya mulango. Ingia, uwape mayi."

"Mimi na paka? Hapana, Papa."

"Siombe ubapende. Ubape tu mayi."

Ngalula akasonya, lakini hakukata simu. Kisha akasikia tofali linaburuzwa, na mlango wake mwenyewe ukilia kama ulivyozoea.

"Niko naingia," sauti ya Ngalula ilikuwa imepungua. "Seigneur! Kamoja kananiangalia."

"Ni Frein. Hakana neno."

"Kengine kanalia kama mutoto. Bakuli iko chini ya kitanda, imepinduka. Sufuria pia. Mulifanya vita humu?"

"Weka mayi, Madame."

Maji yakamiminwa. Halafu, kwa mbali, Siméon akasikia ndimi mbili ndogo zikinywa kwa haraka, na machozi yakamlengalenga mbele ya wageni wote. Hakupata nafasi ya kushukuru. Bati likalia, Ngalula akapiga yowe, na simu ikakatika. Alipopiga tena haikuita. Akapiga, akapiga.

"Papa, Madame ni mutu mukubwa," Jemima akamcheka. "Tupaka hatutamukula."

Barabara ilipofunguliwa, Siméon alikuwa ndani ya gari la kwanza, viatu vya sherehe vimejaa matope. Alifika kwake, akasukuma mlango, akabaki amesimama kizingitini. Katikati ya chumba kulikuwa na kinu cha mbao, kikubwa, kimejaa maji hadi ukingoni. Klaxon alisimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameiweka juu ya ukingo, anakunywa. Ngalula alikuwa kwenye kiti cha mzee, na Frein amejikunja juu ya sketi yake.

"Usiseme kitu," akanong'ona. "Kamelala."

Akamweleza polepole. Kila alipoweka maji waliyamwaga mbele ya macho yake, na simu yake ikatumbukia ndani ya beseni alilochotea maji. Sasa ilikuwa ndani ya mchele, inakauka. Hasira zikampanda. Akaenda kwake, akachukua kinu chake cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, akakisugua kwa mchanga, akakibiringisha mpaka pale.

"Kale kengine kakasukuma, kakasukuma tena. Kinu, hata kutikisika! Nikacheka mpaka nikakaa chini. Donc, haka kakapanda hapa, na mimi nikakosa namna ya kusimama."

Siméon alijaribu kumrudishia kinu chake na kuweka chungu kizito mahali pake. Paka wakakinusa chungu, wakakigeuzia mgongo, wakaenda kulia mlangoni. Ngalula akarudisha kinu mwenyewe. Lakini mtu wa Kasai bila sombe ni mtu mwenye huzuni, na kufikia Jumapili alikuwa akiwajibu watu kwa neno moja moja. Siméon akampigia Mathe, dereva aliyefanya naye kazi zamani, amtafutie kinu kipya huko Kirumba. Kilifika juu ya shehena ya kabichi. Ngalula akakigonga kwa kidole, akasikiliza, akakubali.

Tangu hapo maji yalibadilishwa kila asubuhi: siku nyingine na Siméon, siku nyingine na Ngalula kabla ya kwenda shuleni, chaki ya jana bado kwenye vidole. Sakafu ilikaa kavu. Noeli ilipokaribia Jemima alimwita baba yake tena Beni, naye akaenda kwa jirani kuuliza kama anaweza kuondoka siku mbili.

"Siku mbili za nini?" Ngalula akasema mlangoni kwake, Frein tayari begani, Klaxon miguuni. "Kaa huko mupaka Bonne année, mwaka mupya."

Siméon akataka kuwaaga paka wake, lakini Ngalula alikuwa ameshaufunga mlango wake.