Mbwa Mnene wa Nyumba ya Yatima

Mama alipofariki, baba akiwa ameshatangulia, baba mdogo alitaka kutugawa kwa ndugu. Nilikataa. Niliacha shule kidato cha pili, nikafungua genge la mboga huko Bombambili, mimi na wadogo zangu watatu tukabaki kwenye nyumba yetu ya Mjimwema pamoja na mbwa aliyetuachia mama.

Baba mdogo alikuja kutoka Mpitimbi kila baada ya mavuno. Alifunua vyungu, akatazama mashavu ya wadogo zangu kuona kama tunashiba. Sisi ukoo wetu ni watu wembamba, hata tukishiba haionekani. Mbwa ndiye aliyeonyesha. Nilimpa ukoko wa ugali, mabaki ya maharage, vichwa vya dagaa. Wadogo zangu nao walimtupia matonge. Akanenepa mpaka jirani akasema, "Nyumba hii mnakula." Nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Kisha mbwa akaanza kuhema hata akiwa kivulini. Asubuhi moja alishindwa kupanda ngazi mbili za mlangoni. Nilimwita bwana mifugo. Alimpapasa ubavuni, akaniambia nami nipapase.

"Unazisikia mbavu?"

"Hapana."

"Ilipasa uzisikie. Dada, moyo wake umechoka. Ukiendelea kumlisha hivi, utamzika."

Tukaanza upya: bakuli moja dogo asubuhi, jingine jioni, hakuna ukoko, hakuna tonge la mtu. Nilitembea naye kila asubuhi kwenda gengeni. Siku za kwanza alikaa chini njiani mara tatu. Vijana wa bodaboda walinicheka: "Dada, mpakie, huyo tutamhesabu abiria wawili."

Wadogo zangu walilia zaidi yake. Mimi pia usiku nilimsikia akilamba bakuli tupu, nikajiona mchoyo. Lakini miezi ilipopita, vidole vyangu vilianza kugusa mbavu.

Baba mdogo alipokuja tena, alisimama uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbwa mbona amekwisha? Chakula kimepungua?"

Wadogo zangu walinitazama.

"Hapana, baba. Alikuwa anaumwa unene."

"Unene ugonjwa? Basi mama yako mdogo hali yake ni mbaya."

Tulicheka. Mezani akakata tonge, akamnyooshea mbwa. Sikuwahi kumkatalia mkubwa akiwa mezani kwangu.

"Baba, naomba usimpe. Ameshakula."

Akalichovya tonge lile kwenye mchuzi, akala mwenyewe. Safari hiyo hakufunua chungu hata kimoja.