Jibu Ambalo Delfina Hakulitafsiri

Saa moja asubuhi, Zita Kanyange anavuta shuka za moto kutoka kwenye mashine ya kukaushia, katika chumba cha chini cha nyumba ya kutunzia wazee mjini Lackawanna, jirani na Buffalo, jimbo la New York. Amevaa blauzi ya mikono mirefu na shingo ameifunga skafu, ingawa joto la humu linatosha kumtoa mtu jasho.

"Huku hakuna wa kunikodolea macho," anasema.

Zita ana miaka arobaini. Vinundu laini, vingine kama punje za mahindi, vingine vikubwa kama zabibu, vimemjaa usoni, shingoni na mikononi. Haviambukizi. Ni ugonjwa wa kurithi uitwao neurofibromatosis, unaootesha uvimbe usio saratani kwenye mishipa ya fahamu.

Hadi mwaka jana, 2015, alifanya kazi ghorofani, akiwalisha wazee na kuwabadilisha nguo. Siku moja, mwana wa bibi mmoja aliuona mkono wake, akasema hataki mama yake aguswe. Daktari alithibitisha kwamba hakuna hatari, lakini haikusaidia kitu.

"Msimamizi aliniambia ni kwa faida yangu. Kesho yake nikateremshwa huku."

Kukimbiwa hakukuanzia Marekani. Zita ni Mrundi aliyekulia katika makambi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania. Alizaliwa na madoa ya rangi ya chai ya maziwa. Vinundu vikaota akiwa msichana, na alipobeba mimba vikazidi. Mumewe, Aloisi, alisema amelogwa, akahamia kwa mwanamke mwingine kambini humo humo.

"Nilikuwa nakutana naye kwenye foleni ya mgawo. Anaangalia pembeni."

Mwaka 2008 aliletwa Louisville, jimbo la Kentucky, mtaa wa Beechmont, na mwanawe wa pekee, Delfina. Kwenye basi la mjini, kiti cha karibu naye kilibaki kitupu hata watu wakiwa wamesimama.

Miaka miwili baadaye, daktari wa huko akautaja ugonjwa kwa jina. Siku hiyo mkalimani hakuwepo, basi Delfina, akiwa na miaka kumi na saba, akatafsiri.

"Nilimwambia, muulize kama na wewe utaupata. Wakaongea Kiingereza kirefu. Kisha akanigeukia: 'Amesema hapana, mama.' Nikamshukuru Mungu."

Daktari alikuwa amesema ndiyo. Madoa ya mgongoni mwa Delfina yalikuwa dalili, na kila mtoto atakayemzaa angeweza kuurithi, nusu kwa nusu.

Baadaye Zita alihamia Buffalo, na Delfina akaolewa Columbus, jimbo la Ohio, na Ombeni, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala. Mwaka huu wamepata binti, Patricia. Naye amejaa madoa. Hospitali ilipowaeleza maana yake, Ombeni alimpigia simu mama mkwe.

"Aliniambia, 'Mama, mulijua, donc, na mukanyamaza,'" Zita anasimulia, akiiga Kiswahili chake cha Kongo na ile 'donc' ya Kifaransa, yaani 'kwa hiyo'.

Aliapa kwamba hakujua. Kisha akampigia binti yake.

"Alisema, 'Mimi ndiye niliyejua, mama. Ungejilaumu. Na mimi nilitaka kuolewa.'"

Zita anakunja shuka, anaikunjua, anaikunja tena.

"Nina hasira," anasema. "Hasira na yeye, na hasira na wale waliombebesha mtoto maneno mazito kama yale. Tulikuwa nyumba moja. Yeye anajitazama kwenye kioo peke yake, mimi niko sebuleni nacheka, kwa sababu daktari amesema hapana."

Tangu siku hiyo wanazungumza kwa nadra. Ombeni bado yupo nyumbani, lakini Zita amesikia kwamba hampakati mtoto.

Mwezi ujao Patricia atapimwa macho, kwa kuwa uvimbe unaweza kuota kwenye mshipa wa kuonea. Zita ameomba ruhusa kazini ili apande basi hadi Columbus. Hakualikwa.

"Delfina alisema tu, 'Njoo ukitaka.' Nataka."

Ana sharti moja, na amekwisha kumwambia.

"Aombe mkalimani, mtu mzima tusiyemjua. Maswali ninayo mengi, na majibu yote nitayasikia. Delfina asitafsiri hata neno moja. Akae ampakate mwanawe, asikilize kama mama wa mtoto."