Mchwa Wangu Mwenye Miwani

Jamani, haya yalinikuta Iguguno, mbele za watu mchana kweupe, na mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka kwa aibu, ila hasira ndiyo inawaka zaidi, kwa hiyo msicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu anafungua biashara yake, ndipo bwana mmoja akafungua karakana ya kutengeneza mashine za kukamulia alizeti, akatangaza shindano: tuchore mnyama wa kubuni, asiyekuwepo popote duniani, ila angekuwepo basi angekuwa mhandisi hasa, na mshindi ndiye angepewa kazi ya kumchora kwenye kila mashine. Mimi nilikuwa nachora mabango ya maduka na saluni (na vibao vya "Usikojoe Hapa", kazi ni kazi), nikaitaka nafasi ile kufa na kupona.

Nikachora mchwa mkubwa kama ng'ombe. Nani anajenga kumshinda mchwa? Nikampa tumbo la kubebea udongo, miguu mifupi asiyumbe, shingo nikaiondoa kabisa. Laiti ningeishia hapo! Asubuhi ya shindano nikaona nimwongezee miwani, apime vizuri kama ukuta umenyooka.

Uwanjani nikapewa kipaza sauti nieleze. "Huyu hana shingo kwa sababu hageukigeuki, macho kwenye kazi tu." Watu wakacheka. Nikajua wamempenda, nikanogewa. "Tumbo hili mnaloliona si la ulafi, ni ghala!" Wengine wakakaa chini kwa kicheko, nami ndiyo nazidi, "Na bila miwani hii, hata mlango haoni!"

Jirani yangu Mama Shabani, aliyekuwa mbele, akanivuta gauni. "Dada, geuka nyuma. Hebu geuka!"

Nikageuka. Meza kuu ameketi mgeni rasmi, mhandisi mstaafu, baba mkwe wa mwenye karakana, mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni maishani mwangu: tumbo lile, miwani mizito, shingo hakuna. Kwa kuchanganyikiwa nikapiga goti, nikasema "Shikamoo mzee," kumbe kipaza sauti bado kiko mdomoni. Uwanja ukalipuka. Mzee hakuitikia. Mzee asipoitikia shikamoo yako, mnajua wenyewe uzito wake.

Na zawadi akapewa nani? Kijana aliyechora simba ameshika spana. Simba! Si walisema wenyewe asiyekuwepo duniani? Nikamfuata mwenye karakana kumuuliza.

"Mama, nenda nyumbani," akanijibu bila kuniangalia. "Mkwe wangu amekataa hata soda."

Sasa mimi kosa langu nini? Tumbo lile nilimpa mimi?

Basi simba wao akapanda kwenye mashine, mimi nikarudi kwenye saluni zangu. Kuchora sitaacha ng'o, ila kipaza sauti sishiki tena, hata siku ya harusi ya binti yangu. Nitakaa nile pilau yangu kimya, mwenye kutaka hotuba amtafute mjomba wake.