Reli Iliyoishia Mpakani

Mpishi wa nyumba niliyofanyia kazi, mtaa wa Sulimaniyah mjini Riyadh, alikuwa mzee wa Kihindi aliyekaa Unguja miaka mingi. Ujanani, kwao India, alifunga na kufungua mabehewa kwenye reli ya mfalme mdogo, mmoja wa wale ambao Mwingereza aliwaachia bendera, walinzi na jina. Kila mmoja wao alitaka reli yake. Ya mfalme wake iliishia mpakani, na pale pale ilianza ya jirani.

"Unashuka huku, unajitwika mzigo wako, unavuka uwanja kwenda upande wa kule," alinisimulia huku akikaanga vitunguu. "Ukifika, treni ya kule ishaondoka."

"Kwa nini isisubiri, babu?"

"Mfalme amsubiri mfalme mwenzake? Aibu hiyo. Na sisi hatukuwasubiri wao. Watu wakilala pale na watoto wao, matusi tunapata sisi wafunga mabehewa."

Nilicheka. Nilikuwa na matumaini bado.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Wa mwisho, msichana, alipata kazi Jeddah kwa jamaa wa madam wangu. Nilitaka kitu kimoja tu, ahamie kwetu Riyadh. Madam aliridhia. Miaka ile ya utajiri wa mafuta nyumba ilikuwa ikiongezwa vyumba, wageni hawaishi, na mikono yangu haikutosha. Ilibaki kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, amwachie kafili wangu, mume wa madam.

"Basi anipigie simu," alisema baba mwenye nyumba. "Mtumishi ni wake, aanze yeye."

Kule Jeddah mdogo wangu aliambiwa, "Anayetaka ndiye anayeomba."

Nilipompa mzee habari hiyo aliacha kukoroga chungu.

"Nawajua hawa," alisema. "Nimewafanyia kazi."

Sikukata tamaa. Kila nilipopeleka kahawa nilimkumbusha baba, hata madam akaniambia, "Halas, basi, umekuwa redio sasa."

Kisha ikaja harusi ya ndugu yao Jeddah, na siku ya pili tukaalikwa chakula kwa kafili wa mdogo wangu. Tulikuwa jikoni sisi wawili, tunaosha vikombe, mlango wa upande wa wanaume ukiwa wazi kidogo. Tuliwasikia wakisalimiana na kuombeana dua. Wakazungumza bei ya viwanja na barabara mpya. Halafu mwenyeji akasema:

"Nawe, ukiwa na haja yoyote kwangu, sema tu."

Mdogo wangu alifunga bomba la maji ili tusikie.



"Alhamdulillah," baba akajibu. "Sina haja. Na wewe?"

"Alhamdulillah."

Wakarudi kwenye bei ya viwanja.

Mdogo wangu alifungua bomba tena. Alikuwa amekonda, na alipozungumza hakunitazama.

"Dada, usiombe tena."

"Nitasema na madam leo hii, kabla hatujaondoka."

"Usiombe, nakwambia. Kila ukiomba huko, huku naulizwa nimekosa nini kwao. Wananiita mwenye mguu mmoja nje. Juzi walinizuia hata kwenda sokoni Sharafiya kununua sabuni."

Aliniwekea vikombe kwenye sinia nivipeleke.

Kesho yake tulirudi Riyadh. Nilipopeleka kahawa, baba alinitazama, akangoja. Nilimimina, nikatoka.