Simbi ya Bi Mize Kwenye Siki

Nacheka sasa, lakini nikipita Wambaa bado nainamisha kichwa, na kwa kuwa mtanicheka tu, bora habari hii muisikie kwangu.

Mimi mwalimu wa sayansi, kwetu Tibirinzi. Wiki ile posa yangu ilikuwa kwa Bi Mize, mjane wa Wambaa, nimemposa bintiye Rahma na jibu bado halijatoka. Sasa bahari imepata joto, mwani wa kina mama unakufa, Bi Mize akaniita nyumbani kwake niwaeleze kulikoni. Ningesema maneno mawili, nikanywa chai, nikaondoka, lakini mtu anayengoja jibu la posa hasemi maneno mawili (hasa akijua Rahma yuko nyuma ya pazia).

Nikaanzia mbali, mamilioni ya miaka: volkano zikatapika hewa chafu, dunia ikapata joto, bahari ikainywa ile hewa ikawa kali, pumzi ikapungua majini, karibu kila kiumbe humo kikafa, na wenye maganda wakashindwa hata kuyajenga. Siki ya kuwaonyeshea ukali unavyokula maganda ninayo bakulini, ila maganda ya kome nimeyasahau nyumbani. Badala ya kuomba, nikanyoosha mkono kabatini nikachukua simbi moja, ganda kubwa la baharini lenye madoadoa, inang'aa utadhani imepakwa mafuta, nikaitosa. Dakika moja tu, nilijiambia, naitoa.

Mapovu yakapanda, kina mama wakasogea, mie kichwa kikavimba, nikahubiri mpaka adhana ya alasiri.

Bi Mize akaitoa mwenyewe. Imefifia, mng'aro wote umekwenda, ukiipapasa inakwaruza. Akaifuta kwa kanga. Jirani yake akaninong'oneza, "Ile marehemu mumewe kamzamia Kisiwa Panza, akampa siku ya harusi." Nilitamani bahari ya kale inizoe na mimi.

"Mwalimu," akasema Bi Mize taratibu, "kitu kino kimekaa kwangu miaka thalathini. Kwako hakikumaliza saa."

"Nisamehe, mama."

"Nshakusamehe. Lakini na Rahma kalelewa nyumba hino hino."

Nyuma ya pazia mtu akacheka.

Jibu la posa lilikuja Ijumaa, na mnajua lilivyokuwa, ila kilichoniuma zaidi ni kile kicheko. Siku hizi nikifundisha habari za bahari natumia maganda ya mayai niliyoyala mwenyewe, na kabati la mtu siligusi hata nikikaribishwa.