Gunia la Mama Jukwaani

Miaka ile ambayo duka la ushirika lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, kazi yangu kubwa nyumbani ilikuwa kudanganya. Mtu akibisha hodi nilitoka mimi, nikamwamkia shikamoo, nikasema, "Mama hayupo." Mama yuko nyuma ya mlango, amevaa gunia.

Tuliishi pembeni kabisa mwa mtaa wa Maisaka, karibu na mashamba. Baba alikuwa ameshafariki. Kanga ya mwisho ya mama ilipochanika, alikata kipande kilichobaki kizima akanitilia kiraka kwenye sketi ya shule. Yeye akachukua gunia la mahindi, akalitoboa pa kupitisha kichwa na mikono, akalivaa. Mgao wa nguo ulikuwa unakwisha kabla hatujasikia kwamba umekuja. Shambani alikwenda alfajiri, kanisani akaacha kwenda, na watu wakaanza kusema eti anaringa. Mjane aringe na gunia! Leo nikikumbuka maneno yale nakasirika. Wakati ule sikuwa na hasira, nilikuwa na aibu tu, asubuhi mpaka jioni.

Kilichomtoa ndani ni sauti yake. Alikuwa na tabia ya kuimba akitwanga, na siku moja akasikiwa na kiongozi wa kikundi cha ngoma na maigizo cha pale mtaani, muuguzi mstaafu, mwanamke asiyejua kukataliwa. Alipobisha hodi, nilimwambia mama hayupo. Akacheka.

"Huyo asiyekuwepo, mbona anaimba vizuri hivyo?" Kisha akausemesha mlango: "Dada, njoo mazoezini. Mtu akijifungia sana anaugua, mimi nimewaona wodini."

Mama akaenda, amejifunika blanketi la baba kuanzia shingoni mpaka miguuni, akisema ana homa. Homa ile ilidumu wiki zote za mazoezi, na hakuna aliyemuuliza. Nami nilimfuata, nikamwona akicheka na wanawake wenzake. Nilikuwa nimesahau kwamba mama ana pengo.

Igizo lenyewe lilihusu jirani ambaye shida imemfungia ndani, na watu wanapita tu mlangoni kwake. Kiongozi akauliza nani ataweza kupata gunia, maana huyo jirani hana nguo. Mama akasema, "Mimi ninalo." Wakamsifu kwa kujitolea. Njiani kurudi nyumbani alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

"Jukwaani nitalivaa mchana kweupe," aliniambia, "na hakuna atakayejua."

Mimi nilijua. Siku ya onyesho, kwenye uwanja wa shule, nilikaa chini na wanafunzi wenzangu. Mama alipotokea, watu wakaangua kicheko. Msichana aliyekaa karibu yangu akanipiga kiwiko: "Angalia hilo gunia, jamani, wamelitoa wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu mama akaimba.

"Mlango wangu una masikio, nawasikia mkipita. Mlango wangu hauna miguu, nani atanifuata?"

Kicheko kikapungua, kikaisha. Bibi mmoja wa Kimbulu akainuka, akaingia uwanjani taratibu. Alikuwa amevaa kanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani. Akaivua ile ya mabegani, akamfunika mama. Ndivyo watu walivyokuwa wakimtuza mchezaji aliyewagusa, ingawa kwa kawaida ilikuwa sarafu au yai, siyo kanga, tena katika miaka ile! Vigelegele vikapigwa mpaka nikaziba masikio.

Sasa kikundi kilikuwa na kanuni yake: tuzo yoyote inaingia kapuni, ni mali ya wote. Kanuni nzuri, ilizuia ugomvi. Kiongozi akaja na kapu, anatabasamu, akalisogeza mbele ya mama. Mama akaishika ile kanga kwa mikono miwili.

"Weka basi, dada."

"Siweki."

Watu wakaguna. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Mchoyo huyo." Nikaona heri wangeendelea kulicheka gunia.

Mama akainua uso. "Gunia hili sikulivaa kwa ajili ya mchezo," akasema. "Ndiyo nguo yangu. Sina nyingine."

Wakapiga makofi! Walidhani bado anaigiza. Akarudia, sauti ikamkatika, nao wakashangilia zaidi, wakisema mama huyu anajua kweli. Hata kiongozi alikuwa anacheka, kapu mkononi. Mama akatazama huku na huku mpaka akaniona.

"Mwanangu," akaita, "simama uwaambie."

Sijui nilikaa muda gani. Najua msichana wa kiwiko alinigeukia, na nilikiona kiraka cha kanga kwenye sketi yangu kana kwamba kimewashwa moto. Nikasimama. Nikasema ni kweli, ni nguo yake, ndiyo anayovaa nyumbani. Nadhani nilisema kwa sauti ndogo, lakini uwanja mzima ulisikia, kwa sababu makofi yalikatika. Kiongozi akalificha kapu nyuma ya mgongo wake. Hakuweza kumtazama mama, akanitazama mimi, mtoto aliyemwambia kwamba mama hayupo.

Igizo halikumalizwa. Watu waliondoka, wengine wakimpa mama mkono kama msibani.

Tulirudi nyumbani kwa barabara kubwa, jua bado liko juu. Mama alitangulia, kanga imemfunika vizuri mpaka magotini, nami nikamfuata kwa mbali, kama nilivyozoea kumfuata siku za blanketi, ili tukikutana na watu wasijue tuko pamoja. Sikuwa nimejua kwamba yeye alikuwa analiona hilo siku zote. Alisimama, akageuka, akanisubiri.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Leo nimevaa."